Siku Tatu za Stockholm Kabla ya Meli Kung'oa Nanga

SWALI: Mimi na mume wangu ni wakazi wa Dunda, Bagamoyo. Mtoto wetu wa kwanza ametulipia safari ya meli ya kitalii katika Bahari ya Baltiki mwezi wa Julai, kuanzia Stockholm, Uswidi, kupitia Helsinki, Tallinn na Riga, na kumalizia Copenhagen. Tutakuwa na siku tatu kamili Stockholm kabla ya kupanda meli. Mume wangu alikuwa fundi wa majahazi hadi magoti yalipomshinda, na ngazi nyingi hapandi tena. Wapo wanaotuhimiza tuingie kila jumba la makumbusho ili tusijute, na wapo wanaosema tupumzike hotelini tukisubiri meli. Tufuate lipi? Na chakula, sala na fedha tujipangie vipi?
Mama Mwanaidi, Dunda, Bagamoyo

JIBU: Mama Mwanaidi, shikamoo, na mzee naye mfikishie shikamoo yangu. Siuafiki ushauri hata mmoja kati ya hiyo miwili. Anayejaza siku zake hupanda meli akiwa hoi, na anayekaa hotelini atakuwa ameupita mmoja wa miji mizuri kabisa ya bahari bila kuuona. Ninyi mtu wenu ni fundi wa vyombo, na Stockholm kuna jambo moja ambalo sijui mji mwingine wowote unaoweza kumpa. Mpango wote naujenga juu ya hilo, lakini kwanza tuitazame tiketi yenu.

Someni jina la gati. Meli za kitalii za Stockholm haziondokei mahali pamoja. Nyingine hufunga Stadsgården, karibu na mji mkongwe, nyingine Frihamnen, upande wa kaskazini mashariki wa jiji, na nyingine hukaa Nynäshamn, ambao ni mji mwingine kabisa, takriban kilomita 60 kusini, mwendo wa saa moja hivi kwa treni ya kawaida ya abiria. Jambo hili linaamua asubuhi yenu ya mwisho itakuwaje, na tena linaamua mtumie fedha wapi. Meli ikitoka mjini, itapita kwa saa kadhaa katikati ya funguvisiwa la Stockholm, lenye visiwa na miamba ipatayo 30,000, mingi ikiwa na misonobari na vibanda vya mbao vyekundu. Kwa hiyo hamna haja ya kulipia matembezi ya boti kwenda kuviona, bali mtoke juu ya sitaha mara tu meli inapoondoka, mkae hapo hata kama wengine wamekimbilia mezani. Ikiwa mnaondokea Nynäshamn, bahari ya wazi huwa karibu na hamtaviona hivyo, na hapo ndipo ningetenga nusu siku kupanda boti ya abiria ya kwenda Vaxholm, mji ulio ndani ya funguvisiwa hilo, safari ya takriban saa moja kutoka katikati ya jiji.

Siku ya kwanza mtakayoamka mkiwa na nguvu, mpeni mzee. Mpelekeni kisiwa cha Djurgården, kwenye jumba la makumbusho la Vasa, na msipange kitu kingine kikubwa siku hiyo. Vasa ni meli ya kivita aliyoiagiza Mfalme Gustav II Adolf, yenye mizinga 64 na sitaha mbili za mizinga. Tarehe 10 Agosti 1628 iliondoka gatini watu wa mji wakiitazama, ikaenda mita zipatazo 1,300, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga ya sitaha ya chini yaliyokuwa wazi, ikazama humo humo bandarini na kuua watu wapatao 30. Fundi wake mkuu, Henrik Hybertsson, Mholanzi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kazi haijaisha.

Sababu ya kuzama kwake ndiyo itakayomshika mzee. Chombo kilikuwa kizito juu na chembamba chini. Farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, ilikuwamo, tani 120 hivi za mawe, lakini kuongeza nyingine kungeyashusha matundu ya mizinga hadi karibu na maji. Kabla ya safari walijaribu uthabiti wake kwa kuwakimbiza mabaharia 30 kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na meli ikayumba vibaya kiasi kwamba jaribio lilikatishwa. Hata hivyo meli ilipelekwa baharini, kwa kuwa mfalme alikuwa akiihimiza, na baada ya maafa hakupatikana wa kuadhibiwa. Ndani ya mabaki zilikutwa rula za mafundi, baadhi zikifuata futi ya Uswidi yenye inchi 12 na baadhi futi ya Amsterdam yenye inchi 11, na vipimo vya meli vinaonyesha kwamba pande zake mbili hazikulingana. Mtu aliyekwisha simamia mafundi wawili wanaounda mataruma, yaani mbavu, ya pande mbili za jahazi moja hahitaji mkalimani kulielewa hilo. Mwacheni azunguke kwa taratibu zake kutoka mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, hadi tezi, yaani nyuma, na msimharakishe.

Atauliza pia imekuwaje mbao zikae majini miaka 333 zisiliwe. Maji ya Baltiki yana chumvi kidogo, na wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, ambao kwetu huharibu chombo kisichopakwa deheni, yaani mafuta ya kukinga mbao, hawastawi humo. Mtafiti Anders Franzén aliigundua meli mwaka 1956, ikanyanyuliwa tarehe 24 Aprili 1961, kisha ikanyunyiziwa kemikali ya kuimarisha mbao kwa miaka 17, na jumba lake la sasa likafunguliwa mwaka 1990. Zaidi ya asilimia 95 ya mbao mtakazoziona ni zile zile za awali, na mamia ya nakshi zilizochongwa yanastahili macho ya watu wa Bagamoyo, ambao milango ya kuchonga si migeni kwao. Meli hutazamwa kutoka ghorofa kadhaa na lifti zipo, kwa hiyo magoti yasiwatie hofu. Mchukue sweta, kwa maana ndani huwekwa baridi na mwanga hafifu kwa ajili ya kuhifadhi mbao. Julai watu huwa wengi sana kuanzia saa tano. Mkifika wakati wa kufungua, saa mbili na nusu asubuhi, mtapata nafasi ya kusimama mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, bila kusukumana.

Kurudi mjini msichukue teksi. Ipo feri ndogo inayotoka Djurgården hadi Slussen, chini ya mji mkongwe, nayo hupandwa kwa tiketi ile ile ya treni za chini ya ardhi, mabasi na tramu. Nunueni tiketi ya saa 72. Aliyetimiza miaka 65 hulipa nauli iliyopunguzwa. Kwa feri hiyo mtauona mji kama unavyopaswa kuonekana, kutoka majini, kwa sababu katikati yake umejengwa juu ya visiwa 14. Yale mabasi ya watalii yanayozunguka mji ni ghali, na barabarani hamtauona uzuri huo.

Siku ya pili iwe ya mji mkongwe, Gamla Stan, na ukumbi wa jiji, Stadshuset. Mji mkongwe una vichochoro ambavyo aliyewahi kutembea Mji Mkongwe wa Zanzibar atavifurahia, lakini umesakafiwa kwa mawe yasiyo sawa, hivyo viatu viwe vya soli nene, na mtembee asubuhi. Mtaa wa Västerlånggatan umejaa maduka ya zawadi na sioni sababu ya kupoteza muda hapo. Prästgatan, unaokwenda sambamba nao, ni mtulivu na mzuri zaidi. Stadshuset lilifunguliwa mwaka 1923 na huingiwa kwa kuongozwa tu. Humo ndimo hufanyika karamu ya Tuzo za Nobel kila tarehe 10 Desemba, na juu yake kuna Ukumbi wa Dhahabu, ambao kuta zake zimefunikwa kwa vipande zaidi ya milioni 18 vya kioo na dhahabu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alishinda tuzo ya fasihi mwaka 2021, ingawa kwa sababu ya janga la Uviko-19 alikabidhiwa London badala ya Stockholm. Mnara wa jengo hilo una ngazi nyingi. Mzee na abaki bustanini ukingoni mwa maji, mahali ambapo hata asiyeumwa magoti angependa kukaa.

Siku ya tatu ibaki nyepesi. Kama bado mna hamu, rudini Djurgården mkaone Skansen, makumbusho ya wazi yaliyoanzishwa na Artur Hazelius mwaka 1891, ambako nyumba za vijijini zililetwa kutoka kila pembe ya Uswidi, kama ilivyofanywa baadaye katika Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam. Ipo juu ya kilima, nanyi mtapanda kwa ngazi za umeme. Saa kumi jioni muwe mmerudi, mpange mizigo, muweke dawa na hati za kusafiria katika mfuko wa mkononi, kwa kuwa masanduku makubwa huchukuliwa gatini na huenda yakafika chumbani usiku.

Kuhusu fedha, Waswidi karibu wameacha noti na sarafu. Mabasini hazipokelewi, na maduka mengi na majumba ya makumbusho hutaka kadi ya benki pekee. Nendeni na kadi mbili tofauti, moja kwa kila mmoja wenu, na muifahamishe benki kabla ya kuondoka. Fedha za kwenye simu tulizozoea hazitawasaidia. Mlo mkubwa uleni mchana, kwa maana mikahawa mingi siku za kazi huuza chakula maalumu cha mchana kwa bei nafuu kuliko usiku, mara nyingi pamoja na saladi, mkate na kahawa. Samaki ni chaguo salama. Vile vidonge vya nyama vinavyosifiwa sana mara nyingi huchanganywa na nguruwe, basi ulizeni kabla ya kuagiza. Maji ya bomba ni safi.

Msikiti mkubwa wa Stockholm upo Södermalm, jirani na kituo cha treni cha Medborgarplatsen, katika jengo lililokuwa kituo cha kufua umeme na kufunguliwa kuwa msikiti mwaka 2000. Jiandaeni kwa nyakati za sala: mwanzoni mwa Julai jua huchomoza kabla ya saa kumi alfajiri na kuzama karibu na saa nne usiku, hivyo Isha huingia usiku sana. Zungumzeni na sheikh wenu kabla ya safari kuhusu ruhusa ya msafiri, na mchukue vitambaa vya kufunika macho wakati wa kulala.

Visa msiiache nyuma. Bandari zenu zote zimo katika nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, na kwa kuwa siku nyingi zaidi mtakaa Uswidi, maombi huelekezwa kwa Waswidi. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima iwe ya angalau euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu hali ya hewa inaweza kumlazimisha nahodha kubadilisha bandari.

SWALI: Sisi ni maharusi wa Tanga. Meli yetu itaondokea Copenhagen jioni. Je, tukifika kwa ndege asubuhi ya siku hiyo hiyo inatosha?
Maharusi wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Hongereni, lakini haitoshi. Kutoka Dar es Salaam mtaunganisha ndege Addis Ababa, Doha, Istanbul au kwingineko, na ndege moja ikichelewa meli haitawangoja, wala sanduku lililopotea halitawafuata kirahisi kutoka bandari hadi bandari. Fikeni angalau siku moja kabla. Uwanja wa ndege umeunganishwa na jiji kwa treni ya metro inayofanya kazi saa 24, na kwa dakika kama 15 mtakuwa Kongens Nytorv, hatua chache kutoka Nyhavn, mfereji wa karne ya 17 wenye nyumba za rangi. Kutoka hapo tembeeni ukingoni mwa maji kupitia kasri la Amalienborg hadi sanamu ya msichana wa baharini, iliyowekwa mwaka 1913. Ina mita 1.25 tu, na wengi hushangaa udogo wake, lakini matembezi ya kuifikia ndiyo yenye raha. Jioni nendeni Tivoli, bustani ya burudani iliyofunguliwa mwaka 1843, taa zikiwashwa. Nanyi pia someni jina la gati: Langelinie ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwenye sanamu hiyo, ilhali Oceankaj ni mbali zaidi kaskazini, mtakwenda kwa metro hadi kituo cha Orientkaj na kumalizia kwa basi au teksi.