Barua kwa mwanangu: Jumamosi ya karanga

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku Tanga hatujambo, baba yako anakusalimu, na mvua imekata juzi. Nimeona nikuandikie kwa sababu lile swali lako la Jumatano halikuwa la kujibiwa kwenye simu, wewe umesimama ndani ya mwendokasi na mkoba begani, mimi mkononi nina mchi. Ulisema unatoka Kimara saa kumi na moja alfajiri, unarudi saa mbili usiku, na wajukuu zangu wanakula biskuti na juisi za boksi tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe ulikuwa unafundisha, sisi tuko wanne, na vitafunwa vya nyumbani havikukosekana. Uliwezaje?" Ukanyamaza, nami nikajua machozi yako karibu.

Usilie, mwanangu. Mama anayeamka usiku kwenda kutafuta riziki ya wanawe hajawatupa. Ila swali lako nimelipenda, na jibu lake ni fupi kuliko unavyodhani: sikuwa napika kila siku. Ninyi mnalikumbuka kopo limejaa, hamkumbuki lilijazwa lini. Lilijazwa Jumamosi jioni, baada ya kufua, na likikwisha Alhamisi basi limekwisha, Ijumaa mlikula ndizi mbivu. Katikati ya wiki moto wa kukaangia vitafunwa sikuuwasha kabisa. Kwa hiyo usijaribu kuamka saa tisa usiku ukande unga. Utachoka wiki ya kwanza na wiki ya pili utarudi kwenye biskuti ukiwa na hasira juu.

Anza na kashata za karanga. Hazitaki oveni, na jiko lako la gesi la plate mbili linatosha.

Karanga zenyewe chagua kwa mwanga wa mchana, si usiku jikoni. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi, tupa. Ukionja ikawa chungu, tema. Mama yangu alizitupa kwa sababu ya ladha, mimi nazitupa kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Sumu hiyo moto wa jikoni hauiondoi, uzikaange upendavyo. Mwaka 2016 ilileta msiba mkubwa Dodoma na Manyara, kwenye mahindi, na karanga nazo inazipenda. Usinunue zilizokwisha kusagwa, huwezi kujua zilikuwaje kabla.

Sasa vipimo. Vikombe viwili vya karanga, kikombe kimoja cha sukari, punje nne au tano za hiliki ulizozitwanga mwenyewe, na chembe ya chumvi. Karanga zikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukizigeuza bila kuacha, mpaka maganda yapasuke na nyumba inukie. Ni dakika kumi hivi. Zimwage kwenye ungo zipoe, kisha waite watoto wazifikiche kwa viganja. Hiyo ndiyo kazi yao. Wapeleke kibarazani wapepete, maganda yaruke, wacheke. Mwenzako, dada yako mkubwa, alikuwa akipuliza maganda mpaka yanamwingia puani, lakini karanga zilitoka safi. Zikishakuwa safi, ziponde kidogo kwa mchi, zibaki mapande, zisiwe unga.

Sukari iweke peke yake kwenye sufuria nzito, bila maji. Dakika tatu nne za mwanzo utadhani hakuna kinachotokea, utashawishika kuongeza moto. Usiongeze. Pembeni itaanza kulowa, halafu itayeyuka, halafu yote itakuwa uji unaong'aa. Hapo usijibu simu ya mtu. Koroga kwa mwiko wa mti mpaka ifike rangi ya asali. Ikifika rangi ya kahawa umechelewa, kashata itakuwa chungu na hakuna dawa. Rangi ya asali ikifika, tia karanga, hiliki na chumvi, geuza upesi mara sita saba, mwaga kwenye sinia ulilolipaka mafuta mapema. Sawazisha kwa mgongo wa kijiko chenye mafuta, subiri kidogo tu, kata ingali ya moto. Kata mshazari kama ulivyozoea kuona. Ukingoja ipoe, kisu kitaivunja ovyo na utapata vipande vya kugombaniwa.

Unaikumbuka ile alama iliyo chini ya kidole gumba changu cha kushoto, uliyokuwa ukiigusa ukiwa mdogo na kuniuliza kama inauma? Ni ya kashata. Nilikuwa na miaka tisa, nikataka kuramba mwiko. Sukari iliyoyeyuka inapita nyuzi 160, maji yanayochemka hayafiki huko, na ikigusa ngozi inaganda hapo hapo, huwezi kuipangusa. Kwa hiyo wajukuu zangu wafikiche, wapepete, wapange kwenye kopo, lakini sukari ikiwa jikoni wawe sebuleni. Hapo sitaki huruma. Na kama imekugusa wewe, maji ya bomba ya kawaida yatiririke juu yake dakika ishirini, usipake dawa ya meno wala mafuta.

Zikipoa kabisa ndipo uzifungie kwenye kopo. Joto la Dar lina unyevu, ukifunika kitu cha moto kitatoa jasho na kushikamana. Kashata za karanga zitakaa wiki mbili bila shida, ingawa nyumba yenye watoto haitazifikisha huko. Za nazi zinakaa siku chache tu, mwanangu, nazi inachacha. Hizo zipike wageni wakija.

Kopo la pili ni la visheti, na hapa sitakuchosha kwa sababu mikono yako inajua. Vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko viwili vya mezani vya samli usugue mpaka unga ushikane ukiubana kiganjani, hiliki, na maziwa kidogo kidogo mpaka upate donge gumu kuliko la chapati. Sukuma, kata vidogo, kaanga moto wa wastani. Wengi wanakosea hapa, wanatia kwenye mafuta makali, nje inakuwa nyekundu na ndani mbichi, siku ya tatu visheti vimelegea. Shira ni kikombe cha sukari na nusu kikombe cha maji. Ichemke mpaka ikinata kati ya vidole viwili baada ya kupoa kwenye kijiko, kisha tia visheti na ugeuze mpaka sukari ikauke na kuwa nyeupe.

Maandazi pia yanawezekana. Kaanga siku hiyo hiyo ya Jumamosi, yapoe, yafunge manne manne kwenye mifuko, weka kwenye freeza. Usiku toa mfuko mmoja uuweke sehemu ya chini ya friji, asubuhi huyo dada anayekusaidia ayapashe kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa, dakika tatu. Sikufichi, andazi lililolala kwenye freeza si sawa na la moto kutoka karaini, mimi nalijua kwa kulitafuna tu. Lakini kwa mtoto anayekwenda shule saa kumi na mbili, linatosha na linashibisha.

Hata hivyo usidhani kila kitafunwa lazima kiwe na sukari. Baba yako unaona anavyohangaika na kisukari, na mimi sitaki wajukuu wangu wazoee kwamba chai bila kitu kitamu si chai. Kashata mbili kwa siku, visheti vichache, basi. Siku nyingine wape kilichochemshwa. Unapopika chakula cha usiku, plate ya pili ichemshe viazi vitamu au magimbi, asubuhi viko tayari, vimenye na ufunge. Mwaka 1982 nilikuwa sekondari, sukari na unga wa ngano ulikuwa unavipangia foleni tangu alfajiri na mara nyingi unarudi na kikapu kitupu. Bibi yako alituchemshia mhogo, akaukunia nazi juu, akanyunyiza chumvi. Nilikula hivyo mwaka mzima na mpaka leo nikiwa na mawazo ndicho ninachokitamani. Mhogo uliokuniwa nazi lakini uliwe nyumbani, wakirudi shule. Usiufunge kwenye mkebe ukakaa na joto mpaka mchana.

Na bisi! Umezisahau bisi. Vijiko viwili vya mafuta, robo kikombe ya mahindi ya bisi, funika, tikisa sufuria. Zinakuwa tayari kabla maji ya chai hayajachemka, na sufuria inajaa. Jumapili mkiwa wote nyumbani hiyo inatosha.

Huyo mwanao mdogo wa miaka mitatu, bisi asipewe kabisa, wala karanga nzima, wala kashata ya mapande. Mtoto wa umri huo anacheka huku anakula, karanga inakwenda kusikokwenda, na kutoka Kimara mpaka hospitali na ile foleni sipendi hata kufikiria. Yeye mpe kiazi kitamu, ndizi, au karanga zilizosagwa laini kabisa umtilie kwenye uji. Mwambie na dada, umwambie mara mbili, maana mkubwa atampa mdogo wake kwa upendo tu.

Mkwe wangu naye asikae anatazama mpira Jumamosi hiyo. Kugeuza karanga kikaangoni hakuhitaji ujuzi, kunahitaji mkono. Baba yako alikuwa akizigeuza huku anasikiliza redio, na hakuunguza hata mara moja.

Wiki hii usifanye yote. Fanya kashata peke yake, uone Jumatatu inavyokwenda. Visheti vifuate Jumamosi ya pili, maandazi ukishapata nafasi kwenye freeza.

Nakutumia mzigo kwa basi la Jumamosi asubuhi, utaupokea kituo cha Magufuli pale Mbezi, kondakta nitakutumia namba yake. Ndani kuna karanga kilo mbili nilizozichagua mwenyewe jana kutwa, hiliki ndani ya karatasi, ungo mdogo, na lile kopo la zamani la maziwa ya unga. Mfuniko wake umepinda kidogo upande mmoja, bonyeza hapo kwanza ndipo ufunge, vinginevyo sisimizi wataingia.

Mama yako