Kugeuza majina ya anwani zote za Outlook kwa mkupuo

Ndugu, anwani zako zinasomeka "Mushi, Neema" nawe wataka "Neema Mushi". Ukibadilisha kwenye mipangilio, utagusa anwani mpya tu. Za zamani zinahitaji makro (programu fupi inayoendeshwa ndani ya Outlook), na inafanya kazi kwenye Outlook ya zamani (classic) ya Windows, kwani ile mpya haikubali VBA, lugha ya kuandikia makro.

Kwanza tunza nakala ya anwani zote kwenye faili la .pst (faili la data la Outlook). Tafadhali usiruke hapa, maana ukishaiendesha makro hakuna kitufe cha kuirudisha.

Bonyeza Alt+F11 kufungua kihariri cha VBA, ongeza moduli (ukurasa wa kuandikia makro), andika kitanzi, yaani maagizo yanayojirudia, kinachopitia folda ya anwani: FileAs (jina linaloonekana kwenye orodha) iwe sawa na FullName (jina kamili), kisha Save. Bila Save, hakibadiliki kitu. Weka pia sharti Class = olContact (kinachoguswa kiwe anwani ya mtu), la sivyo makro itakwama ikikuta kikundi cha anwani. Ijaribu kwanza kwenye folda yenye anwani chache.