Mdogo Wako Haringi Wala Hajarogwa

Dada yangu, umeuliza kwa nini mdogo wako anayetunza wazee Birmingham siku hizi hapokei simu, na akipokea analia bila kusema sababu, hata ndugu wameanza kunong'ona kwamba anaringa au amerogwa. Simfahamu, lakini kazi kama yake ndiyo inayoniweka mimi hapa Uingereza, kwa hiyo nitakueleza na yale ambayo sisi tulio huku huwa tunayaruka tunapozungumza na nyumbani.

Kuogesha, kulisha, kubadilisha nepi na kumgeuza mtu kitandani ni kazi nzito, ila wengi wetu tuliwauguza bibi na babu zetu na hatukuugua kwa hilo. Kinachochosha akili ni namna kazi ilivyopangwa. Anayezunguka majumbani hupewa ziara za nusu saa, nyingine dakika 15, na kampuni nyingi hulipa zile dakika za ndani ya nyumba tu, ilhali mwendo wa kutoka kwa mzee mmoja hadi kwa mwingine ni juu yake. Anatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 4 usiku, kisha hati ya mshahara inaonyesha saa saba. Katikati ya mchana kuna pengo lisilotosha kurudi nyumbani kulala, hivyo utamkuta kituo cha basi na koti lake, anakula wali wa jana uliopoa huku akichungulia simu, kwa kuwa ratiba ya kesho inaweza kubadilishwa humo wakati wowote. Usingizi huanza kupotea, halafu hamu ya chakula, halafu hamu ya kuongea na watu. Mwezi wa Desemba, ambapo jua huzama kabla ya saa 10 jioni, hali huwa mbaya zaidi.

Utasema aache atafute kazi nyingine. Hawezi kirahisi, kwa sababu viza yake inategemea mwajiri aliyemdhamini. Akiacha kazi, au kampuni ikinyang'anywa leseni ya udhamini, kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka nchini. Tangu Machi 2024 watunzaji wapya hawaruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto, na Julai 2025 serikali ilifunga kabisa uajiri mpya wa watunzaji kutoka nje. Mwajiri wangu wa kwanza hakuwahi kunipigia kelele. Kila nilipoomba siku ya kupumzika, alinikumbusha kwa upole kwamba cheti changu cha udhamini kiko mikononi mwake. Mtu akiishi miezi mingi katika hofu hiyo, sonona haihitaji mchawi.

Niwie radhi kwa hili pia: nyumbani nanyi mmo. Shamba liliuzwa ili wakala alipwe, basi kila simu inaanza na ada, inafuata na bati, na yeye anajua hawezi kutamka neno kuchoka mbele ya watu waliouza shamba. Kutopokea simu ndiyo njia pekee ya kupumzika aliyobakiwa nayo.

Mwambie akamwone daktari wa mtaa wake. Katika Uingereza, huduma ya afya ya umma inatoa tiba ya mazungumzo bila malipo, na anaweza kujiandikisha mwenyewe pasipo kupitia kwa daktari. Wengi wetu tunaogopa kwamba bosi ataambiwa na viza itafutwa. Daktari hana ruhusa ya kumpelekea mwajiri siri za mgonjwa bila ridhaa yake. Ajiunge pia na chama cha wafanyakazi, kwa mfano UNISON, ambacho kimekuwa kikiwatetea watunzaji wahamiaji kuhusu malipo na udhamini, na aandike kwenye daftari saa alizotoka na kurudi, maana kumbukumbu hizo huyapa nguvu madai ya mshahara.

Wewe mpigie saa 11 jioni za kwenu, ambapo huku ni mchana wa mapumziko yale yasiyolipwa. Mwulize amekula nini na ratiba ya wiki imekaaje, na suala la bati liacheni hadi mwaka ujao.