Chakula dawa cha karanga: mafuta yanaelea juu, tufanyeje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni vijana wa kujitolea hapa Kibiti. Tangu mafuriko ya Aprili 2024 tumekuwa tukiwapikia uji watoto wa jirani ambao mashamba yao yalizama. Tumesikia kwamba Haiti, baada ya tetemeko la 2010, watu wa kujitolea walisaidia kutengeneza chakula dawa cha karanga kwa watoto wenye utapiamlo. Nasi tumejaribu: karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta ya kula. Kesho yake mafuta yameelea juu, sukari imekaa chini. Tuongeze maji kidogo tukoroge upya? Na vitamini za duka la dawa zinafaa?

JIBU: Marahaba vijana. Maji msitie hata kijiko. Chakula hiki hakiharibiki upesi kwa sababu ni kikavu. Unyevu wake hautakiwi kuzidi asilimia 2.5, hivyo vijidudu vinakosa nafasi ya kuzaliana. Ndiyo maana mama anakaa nacho nyumbani bila jokofu, wala hakipiki. Maziwa ya tiba ya F-100, wanayopewa watoto wenye utapiamlo mkali, hukorogwa kwa maji, na kwa joto la huko kwenu yakikaa saa chache tu hayafai tena. Kwa hiyo hata sufuria, mwiko na mikono yenu iwe mikavu kabisa. Mtoto anywe maji safi pembeni.

Kutengana kwa mafuta kunatokana na punje. Bila shaka sukari mliitia kama ilivyotoka dukani. Punje zake ni kubwa, zinazama, mafuta yanapanda. Viwandani chembe hutakiwa kuwa chini ya mikroni 200, yaani milimita 0.2: ukisugua rojo kati ya vidole viwili, husikii mchanga. Sageni sukari iwe vumbi, muichekeche pamoja na maziwa ya unga. Siagi ya karanga na mafuta vitangulie kwenye mashine hadi vilainike, ndipo unga uingie kidogo kidogo huku mashine ikizunguka. Mkiumwaga wote kwa mkupuo mtapata mabonge ambayo ndani yake ni makavu.

Lakini hata rojo likilainika vipi, hicho bado si chakula dawa. Katika mapishi yaliyofanyiwa kazi Malawi na daktari Mark Manary, kila kilo 10 ina takriban kilo 3 za maziwa ya unga yenye mafuta yake, kilo 2.8 za sukari, kilo 2.5 za siagi ya karanga, kilo 1.5 za mafuta, na gramu 160 za mchanganyiko maalumu wa vitamini na madini. Bila hizo gramu 160 tiba haikamiliki. Mtoto mwenye utapiamlo mkali amepungukiwa potasiamu, magnesiamu na zinki, na vidonge vya duka la dawa havikupimwa kwa ajili yake. Chumvi nayo ni hatari kwake, maana mwili wake unashindwa kuitoa ikizidi. Karanga za kukaanga kwa chumvi, zile za kwenye vifuko, ziacheni.

Na karanga zenyewe mmezitoa wapi? Zilizolowa mafuriko, hata zikianikwa zikakauka, zina hatari kubwa ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na kuzikaanga hakuiondoi sumu hiyo. Kuchambua kwa mkono husaidia: toeni zilizosinyaa, zenye madoa, zilizobadilika rangi. Kupunguza si kumaliza, kwa hiyo bado sampuli ipimwe maabara. Kiwanda cha chakula dawa kisichopima sumukuvu mimi nisingekiruhusu kifungue mlango.

Haiti hawakuanza baada ya tetemeko. Meds & Food for Kids, asasi ya daktari wa watoto Patricia Wolff, ilikuwa ikitengeneza chakula hicho Cap-Haïtien, kaskazini mwa nchi, miaka kadhaa kabla ya Januari 2010. Mashine zilikuwapo, na wafanyakazi Wahaiti walishajua kazi. Anayejitolea akiingia mahali kama hapo anachambua karanga, anapima uzito, anafunga katoni, na kosa lake lina wa kuliona.

Nanyi kazi ipo, tena kubwa. Mwombeni afisa lishe wa halmashauri awafundishe kutumia utepe wa kupimia mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu haufiki milimita 115 apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hata utepe ukisoma vizuri, bonyezeni kwa dole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa sekunde tatu. Mashimo yakibaki, mwili umevimba, naye aende. Huko watampima hamu ya kula kabla ya kuamua kama atatibiwa nyumbani kwa chakula dawa au alazwe. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anyonye kwanza kabla ya kulishwa.

Uji wenu msiuache. Watoto ambao hawajafikia hali hiyo wanauhitaji, na siagi ya karanga safi, isiyo na chumvi, iliyopimwa sumukuvu, inaingia vizuri humo. Ila kwenye ndoo msiandike chakula dawa. Mama akisoma hivyo hatampeleka mwanawe kituoni.