Muulize Bibi wa Maabara: Ripoti yetu imekaliwa, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina miaka 27, ni msaidizi wa utafiti kwa mkataba katika taasisi ya umma. Mwaka jana tulipima kichocho kwa watoto wa shule za msingi katika vijiji vya kando ya ziwa. Tulikuta ugonjwa uko juu kuliko ulivyokuwa ukitangazwa jukwaani. Ripoti ilipelekwa kwa wakubwa, na huu ni mwezi wa saba haijarudi. Tukiuliza tunaambiwa tusubiri upepo utulie. Mwenzangu ananishauri niirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Naogopa kibarua kuota nyasi, lakini nikiwakumbuka wale watoto usingizi unakata. Na nikikumbuka yaliyompata Dkt. Mwele Malecela, naona sisi wadogo hatuna kinga kabisa. Nifanyeje? Msaidizi, Kanda ya Ziwa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu nimewahi kukaa kwenye kiti hicho hicho.

Nilianza kazi ya maabara wilayani Muheza, kwenye utafiti wa matende na mabusha. Minyoo ile midogo haionekani kwenye damu ya mchana, hutoka usiku. Kwa hiyo tulikuwa tunaingia vijijini saa nne za usiku na karabai, tunapanga meza chini ya mwembe, watu wanaamshwa na kuja wamejifunga shuka. Unamchoma mtu kidole, unapaka tone kwenye kioo, unaandika namba. Mzee mmoja, mguu wake umevimba kama gogo, aliniuliza huku akifuta kidole kwenye shuka: “Mtarudi kuniambia?” Nikamjibu tutarudi. Ripoti ile ilikaliwa na mkubwa mmoja, simtaji yeye wala ofisi yake, kwa kuwa wageni wa heshima walikuwa wanakuja na hakutaka mkoa uonekane mchafu. Tuliporudi kijijini mzee alikuwa ameshazikwa. Hadi leo naiona shuka ile, ilikuwa ya mistari ya bluu.

Kwa hiyo usidhani nakuambia uvumilie.

Umemtaja Dkt. Mwele. Tarehe 15 Desemba 2016, akiwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, aliwaambia waandishi wa habari Dar es Salaam kwamba katika sampuli 533 za damu, 83 zilionyesha maambukizi ya Zika. Wizara ikasema Tanzania haina mlipuko wa Zika. Haikupita siku mbili, Rais Magufuli akatengua uteuzi wake. Maabara hatukuona kuwa mambo hayo mawili hayahusiani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kauli zote mbili zingeweza kukaa pamoja. Damu kuonyesha kwamba virusi vimewahi kupita mwilini ni jambo moja, mlipuko ni jambo lingine. Na Zika si mgeni kwetu. Virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, na kufikia mwaka 1952 watafiti walishakuta dalili zake kwenye damu za watu wa Uganda na Tanganyika. Yalihitajika maelezo ya nusu saa, wizara na watafiti meza moja. Badala yake tulimpoteza mama aliyezijua nyayo za matende kijiji kwa kijiji. Shirika la Afya Duniani likampokea, akaongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele kule Geneva, hadi alipofariki Februari 2022. Kichocho chako kilikuwa humo humo ndani ya idara yake.

Nilichojifunza pale ni hiki: matokeo yakining'inia kwenye mdomo wa mtu mmoja, na mtu huyo ni mteule anayeweza kuondolewa kwa tangazo la jioni, matokeo hayana mlinzi. Kuyalinda kunaanza kabla hata sampuli ya kwanza haijachukuliwa, kwenye karatasi.

Sasa fungua andiko la utafiti wenu. Kamati ya maadili haiwezi kuwa iliwapa kibali bila kuuliza matokeo yatamfikia nani na kwa njia gani. Tafuta ukurasa huo. Tafuta pia karatasi ya ridhaa waliyosaini wazazi, usome sentensi kwa sentensi mliwaahidi nini. Halafu mwombe mtafiti mkuu, ndiye mwenye mamlaka hayo, aiandikie kamati barua fupi: tuliahidi hivi, muda umepita hivi, tunaomba mwongozo. Asimtuhumu mtu. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu ambao maandiko mengi ya namna hii huutaja, linasema wazi kwamba mtafiti ana wajibu wa kuyaweka matokeo hadharani, yawe mazuri au mabaya. Barua ikishapokelewa na kugongwa muhuri, suala halipo tena kwenye meza ya mkubwa mmoja. Nakala tunzeni zaidi ya watu wawili.

WhatsApp, hapana. Nakuomba kama mwanangu. Jedwali lile lina majina ya shule, pengine na ya watoto. Mtoto akiitwa “wa kichocho” darasani, hutaweza kumfutia. Na utawapa wakubwa sababu ya kukuzungumzia wewe badala ya ugonjwa.

Jambo la haraka kuliko yote hukuliandika: je, watoto waliokutwa na mayai ya kichocho walipewa dawa? Prazikwanteli haisubiri ripoti ichapishwe. Kama kuna hata mmoja aliyerukwa, mtafiti mkuu aende kesho kwa mganga mkuu wa wilaya na orodha mkononi. Hilo si siasa, ni tiba, na sijaona mkubwa wa kulizuia mchana kweupe.

Wapo watakaokuambia suluhisho la siasa kuingilia utafiti ni fedha za wafadhili, kwamba mzungu haingiliwi. Si kweli. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na majaribio ya tiba yakakatika katikati. Afrika Kusini kuna wanawake waliobaki na pete za majaribio, zile za kinga zinazovaliwa ukeni, huku wahudumu wameamriwa waache kazi. Siasa ya mbali inakata vilevile.

Tena mwanasiasa anaweza kuharibu utafiti kwa kuushangilia. Mwaka 1990 Rais Moi aliitangaza Kemron, dawa iliyotoka KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kama ushindi dhidi ya UKIMWI, kabla majaribio hayajakomaa. Majaribio yaliyofuata kwingine hayakuona faida yake. Nawafikiria wagonjwa waliosikia ile habari redioni. Ndiyo maana andiko lenu lijalo liseme mapema sampuli zitahakikiwa na maabara gani ya pili, wizara itaonyeshwa matokeo siku ngapi kabla ya kutangazwa, na siku hizo zikiisha mtatangaza. Wizara ina haki ya kujua kwanza ili ijiandae. Haina haki ya kuyazika.

Wakurugenzi nao wanahitaji kipindi cha kazi kilichoandikwa kwenye sheria, na kuondolewa kwa kosa linalotajwa. Hilo ni la bunge, si lako. Lakini sheria hubadilika: mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilifanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopinga zile rasmi, watu wakapiga kelele, na mwaka 2019 kifungu hicho kikarekebishwa.

Usiache kazi. Anza na orodha ya watoto, kisha barua ya kamati. Ikigongwa muhuri, niandikie tena uniambie tarehe.