Bidoni 15 zitabeba watu watatu ziwani Kivu?

Ndugu wa Bukavu, umeuliza kama bidoni 15 za lita 20 chini ya jukwaa la mbao zitabeba wavuvi watatu. Kwenye karatasi tu.

Maji husukuma kitu juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji ambayo kitu hicho kimeyasogeza. Bidoni ikizama yote inasogeza karibu kilo 20 za maji. Toa kilo moja ya plastiki yenyewe, zinabaki 19. Watu watatu, kilo 210. Mbao na nyavu, tuseme 70. Gawa 280 kwa 19: karibu 15. Yaani bidoni zote zimezama na mbao zinalamba maji. Mmoja akisogea pembeni, mnapinduka. Weka 30, zielee nusunusu, na nyingi zipange kandokando, si katikati. (Mbao zilizo juu ya maji hazisaidii kuelea, ni mzigo tu.)

Mara nyingi kinachoharibu kazi ni kifuniko. Mchana hewa ya ndani inapata joto, inatanuka na kuvuja. Usiku inapoa, bidoni inanyonya maji. Zikiingia lita 5, umepoteza kilo 5 za kubebea. Kata mpira wa ndani wa tairi, uuweke chini ya kifuniko, kaza, mdomo uelekee juu. Na kila mtu avae jile la kuokolea maisha majini.