Kabla hujalipia laptopu, soma namba yote ya prosesa, usiishie kwenye i5 na i7

Vyuo vikikaribia kufungua simu yangu inaanza kuita asubuhi na mapema na swali ni lilelile, awe mwanafunzi wa Malimbe, awe nesi wa Bugando au mtu anayeshika mahesabu ya dagaa pale Mwaloni Kirumba: "Kaka nina laki sita na nusu, nimeambiwa nitafute i7, hiyo hela inatosha?" Na mimi namuuliza, i7 ipi? Maana i7 zipo sokoni tangu 2008, na humo kuna nyingi ambazo leo zinaachwa nyuma na i3. Nafanya kazi ya kutengeneza laptopu na kuwasindikiza watu kununua hapa Mwanza, na kiukweli hela nyingi naona zinapotea hapo hapo, mtu anasoma stika inaishia kwenye i7 anatoa hela.

Jina la prosesa, yaani ule ubongo wa laptopu, ni refu na lote lina maana. Chukua i5-8250U. Hiyo i5 ni daraja tu, inakwambia ndani ya ndugu zake wa kipindi kile huyu yuko wa kati. Habari yenyewe iko baada ya kistari, ile 8 ya mwanzo maana yake jenereshoni ya nane, yaani kizazi cha nane. Kwa hiyo i7-6600U ni ya sita, i7-7500U ni ya saba. Ukikuta namba imeanza na 1 soma tarakimu mbili, i5-10210U na i5-1035G1 zote ni za kumi, i5-1135G7 ni ya kumi na moja, i5-1235U ya kumi na mbili. Hapa watu wanachanganyikiwa sana kwa sababu 1135 ina tarakimu nne kama 8250, mtu anadhani ni jenereshoni ya kwanza, na nimeshasikia kwa masikio yangu mteja akiambiwa hivyo hivyo ili asukumiwe mzigo wa zamani uliokaa dukani.

Na kuna hili la HP EliteBook, ambazo mjini hapa ndizo zimejaa kwenye maduka ya mtumba. Ukiambiwa 840 G5, hiyo G5 ni toleo la laptopu yenyewe, haina uhusiano na jenereshoni ya prosesa. G3 inakuja na prosesa za sita, G5 nyingi zina za nane ila zipo zilizotoka na za saba, kwa hiyo hata ukijua G ngapi bado lazima ufungue uone.

Mpwa wangu anaanza mwaka wa kwanza, nikaenda naye mjini. Tukawekewa mezani mbili, bei zimepishana kidogo sana: 840 G3 yenye i7-6600U na 840 G5 yenye i5-8250U. Muuzaji akanigeukia mimi, "Ngosha, hii ni i7 halafu ni 2.6, hiyo nyingine i5 na ni 1.6 tu, utamnunulia mtoto 1.6?" Mpwa wangu akaniangalia, "Mjomba si tuchukue hii kubwa?" Nikamwambia bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kwenye zote mbili, ingia Performance, bonyeza CPU, halafu shuka chini usome Cores na Logical processors. Kwenye i7 akasoma 2 na 4. Kwenye i5 akasoma 4 na 8. Akarudia kusoma mara mbili akidhani kakosea mashine.

Hajakosea. Mpaka jenereshoni ya saba, prosesa za Intel zenye herufi U, hata ziwe i7, zilikuwa na kori mbili, na mwaka 2017 ilipoingia ya nane ndipo i5 na i7 za U zikapewa kori nne. Kori ndizo zinazofanya kazi ndani ya chip, kwa hiyo yenye nne inagawa kazi sehemu nne kwa wakati mmoja, Chrome ina tabo zake, Word iko wazi, Zoom inaendelea na antivairasi inachimba chini kwa chini, hapo ya kori mbili ndo inaanza kuganda na feni inalia. Na ile 2.6 dhidi ya 1.6 aliyoitaja muuzaji ni kasi ya msingi tu, kazi ikizidi prosesa inajipandisha yenyewe, na hizi mbili zote kilele chao ni 3.4 GHz kwenye kori moja. Yaani juu zinalingana, ila moja ina kori mara mbili ya mwenzake. Halafu GHz za jenereshoni tofauti huwezi kuzilinganisha ana kwa ana, chip mpya inafanya kazi zaidi kwenye GHz ileile moja. Tukachukua ya i5.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niwe mkali kwenye hiyo jenereshoni ya nane na siku hizi naona ndiyo nzito kuliko zote. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel, ukiacha chache sana, inazitambua rasmi prosesa za kuanzia jenereshoni ya nane kwenda juu, tena na chip ya usalama ya TPM 2.0 iwemo. Najua mafundi tunaweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye ya sita na inawaka vizuri tu, lakini Microsoft wanasema wazi kwamba mashine ya hivyo hawaiahidi masasisho, sasa mtu anayefanya benki kwa laptopu au anayetunza taarifa za wagonjwa, kwa nini umuuzie leo kitu ambacho usalama wake ni wa kubahatisha? Kwa mimi chini ya ya nane sishauri mtu anunue tena, hata bei iwe ya kutupwa.

Sasa tuje kwa wazazi, hapa ndipo roho inaniuma. Mzazi kauza mpunga Magu au pamba Kwimba, kaja mjini na hela taslimu, anataka mtoto apate kitu kipya cha boksi, hataki mtumba kabisa, anaonyeshwa laptopu nyembamba inang'aa, ndani ni Celeron N4020. Hiyo ina kori mbili na thredi mbili tu (thredi ndiyo ile Logical processors), nyingi zake zinakuja na ramu ya GB 4 na sitoreji ya eMMC ya GB 64 ambayo imeunganishwa kwenye bodi moja kwa moja, huwezi kuitoa ukaweka kubwa kama unavyobadilisha SSD, ile hifadhi ya kuchomoa. Windows ikishajisasisha mara kadhaa nafasi imeisha na mtoto yuko semesta ya kwanza. Kwa hela hiyohiyo, mtumba safi wa i5 ya nane, ramu GB 8 na SSD ya 256 unampeleka mpaka anamaliza digrii. Kama mzazi kakomaa lazima iwe mpya, basi muuzaji atafute yenye Intel N100 ya mwaka 2023, nayo ni ya chini ila ina kori nne na kwa Word, intaneti na video za masomo inaenda bila shida. Tafadhali wauzaji wenzangu, mwambieni mzazi ukweli, huyo mtu hajui Celeron ni nini na amewaamini.

AMD, kampuni nyingine ya prosesa inayoshindana na Intel, watu wa huku bado wanaiogopa, "hiyo inachemka", "hiyo haina spea". Hofu imetokana na zile za zamani, E1, A4, A6, ambazo kweli zilikuwa nzito na hata mimi nikiletewa namwambia mwenyewe asiingize hela. Lakini Ryzen zilizoanza 2017 ni kitu kingine kabisa. Ryzen 5 5500U ina kori 6 na thredi 12, na kwa kuwa wengi wanaikwepa unaweza ukaikuta bei nzuri kuliko i5 ya rika lake. Nayo ina mtego wake. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7530U kwa macho ni namba ileile, ila ya kwanza ina kori 4 na usanifu wa zamani uitwao Zen 2, ya pili ina kori 6 na Zen 3. Kwenye hiyo familia ya 7000 tarakimu ya tatu ndiyo inayosema usanifu, 2 ni Zen 2, 3 ni Zen 3. Isitoshe 7520U ramu yake imechomelewa kwenye bodi, ukinunua ya GB 8 ujue utazeeka nayo hiyo 8.

Kwa Intel kuanzia jenereshoni ya kumi na mbili hesabu ya kori imebadilika, zimechanganywa kubwa na ndogo. i5-1235U inaandikwa kori 10 lakini kubwa ni 2 na ndogo ni 8, i3-1215U ina 6, kubwa 2 ndogo 4. Usitishwe na 10 ukaona umepata ndege, ila pia usiidharau hiyo i3, kwa kazi za kawaida inaipita i5 ya nane. Na kuanzia mwisho wa 2023 Intel wameitoa ile "i" kwenye prosesa zao nyingi mpya za laptopu, utakutana na Core Ultra 5, Core 5, Core 7, usije ukaambiwa ni feki kwa sababu haina i.

Herufi ya mwisho iangalie pia. U ni ya kubana umeme, kawaida wati 15, H ni ya nguvu, wati 45. Kwa jinsi umeme unavyokatika mitaa yetu, mtu wa stationari pale Nyegezi anayechapa barua na kuprinti anaihitaji U kwa sababu betri inamfikisha mbali. H mwachie kijana anayehariri video za harusi na sendoff, huyo muda ni hela kwake, video moja ikitoka nusu ya muda ni mteja mwingine, na atembee na chaji yake.

Stika ya pembeni ya kibodi usiiamini hata kidogo, inabandulika na inabandikwa, nimeona laptopu ina stika ya i7 ndani ni i5. Washa mashine usome mwenyewe, na kama muuzaji anasema haina chaji, njoo kesho, basi hela nayo ibaki mfukoni mpaka hiyo kesho. Ikishawaka weka video ya HD icheze dakika kumi huku imechomekwa kwenye umeme, weka kiganja pale feni inapotolea hewa, na uangalie ule mstari wa Speed, uko palepale kwenye Performance uliposoma Cores. Joto likiwa kali halafu speed inashuka chini ya kasi ya msingi na haipandi tena, hiyo mashine inajizuia isiungue, inawezekana ni vumbi na pasti ya kupooza prosesa iliyokauka tu, kazi ndogo ya fundi, ila bei ishuke kabla hujatoa hela.

Ukishapata prosesa ya kueleweka hela inayobaki ipeleke kwenye ramu, usipande kutoka i5 kwenda i7 ya jenereshoni ileile. i7-8550U na i5-8250U zote zina kori nne thredi nane, tofauti ni kasi kidogo na kashe, ile kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa, mtu wa Excel haioni. Atakachokiona ni GB 16 badala ya 8, na kama ni vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja picha na video zinakuwa nyepesi zaidi maana grafiki za ndani ya prosesa zinakula ramu hiyohiyo.

Kwenye risiti usikubali yaandikwe "HP laptop i5" basi. Waambie waandike namba yote ya prosesa, ramu, ukubwa wa SSD na serial number ya mashine iliyoko chini, pamoja na siku za waranti, halafu ipige picha hapohapo mbele ya kaunta kabla hamjaagana.